Ndege Moja, Sera Mbili

Chuo cha urubani kilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, wakurugenzi wasaidizi wanne na ndege moja. Kwa hesabu hiyo mtu angeweza kusomea urubani mpaka mvi zimtoke, na miguu yake isiachane na ardhi. Fundi wa karakana ndiye aliyempa binti mmoja jina la Kesho, maana kila alipouliza zamu yake ya kuruka aliambiwa kesho, naye, mtoto wa watu, kesho yake alirudi.

Alibakiza jambo moja tu: mtihani wa mwisho wa angani, dakika ishirini na mtahini pembeni. Mitihani ya darasani alishafaulu yote, lakini matokeo yake yalidumu miaka miwili, na miaka hiyo ilikuwa inaisha leo. Mara ya kwanza alipopangiwa mtihani, ndege ilikosa tairi. Mara ya pili tairi lilipatikana, mtahini akawa yuko kwenye semina. Mara ya tatu vyote vilikuwepo, ila mwenye ufunguo wa tangi la mafuta alikuwa msibani. Leo ikimpita, angerudi darasani kuanza somo la kwanza: ndege ni nini.

Na leo hiyo hiyo, kwa kuwa mikosi haiji peke yake, ilikuwa siku ya kuzindua sera mpya ya taifa ya usafiri wa anga. Ndege iliegeshwa mbele ya hema la wageni, imefungwa utepe puani kama zawadi ya harusi. Mkuu wa itifaki, bwana mwenye redio mbili za mkononi na subira ya nusu mtu, alimpima Kesho kwa macho.

"Binti, sare imekukaa. Utapanda humo ndani, utatabasamu. Sera hii ni ya vijana."

"Nitabasamu tu? Siruki?"

"Kuruka kuko ukurasa wa arobaini. Leo tunazindua jalada."

Hapo Kapteni akaingilia. Alikuwa mtahini pekee aliyebaki nchini, mzee mkavu wa maneno ambaye hajawahi kumpasisha mtu kwa huruma.

"Mkuu, tunazindua sera ya anga na ndege iko chini, si tutachekwa? Iache ipite juu ya hema mara moja. Binti arushe, mimi nitakaa pembeni."

Kesho alielewa mara moja: huo ndio ungekuwa mtihani wake. Mkuu wa itifaki alikuna kichwa, akaongea na redio moja, kisha na ya pili.

"Haya. Lakini mpite juu ya hema saa sita kamili. Isizidi, isipungue."

Hakusema kwa nini saa sita. Nao, kwa furaha ya kupewa, hawakuuliza.

Walipaa saa tano na dakika arobaini na sita. Kapteni alimwamuru apinde kushoto, apinde kulia, apunguze mwendo mpaka ndege ikaribie kuanguka, kisha aiokoe. Halafu bila kuaga akapunguza nguvu ya injini mpaka mwisho.

"Injini imekufa. Unatua wapi?"

Kesho alionyesha shamba lililokwisha kuvunwa, akaielekeza ndege huko.

"Afadhali," akasema Kapteni, akairudishia injini nguvu. Kinywani mwake neno hilo lilikuwa sawa na watu wengine kumbeba mtu juu juu.

Saa sita kamili walipita juu ya hema. Kesho alimwona mama yake, aliyekuja na wageni, ametoka nje, anapunga mikono yote miwili, akacheka peke yake kama mwehu. Baada ya dakika sita magurudumu yaligusa lami taratibu.

"Umefaulu," akasema Kapteni. Akatoa fomu mfukoni, akajaza saa ya kutua, akatia sahihi.

Mkurugenzi wa mamlaka ya anga aliwapokea chini, sera mpya kwapani. Aliisoma ile fomu mara mbili.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu," Kapteni akajibu.

"Kwa sera ipi, mzee wangu? Waziri ametia sahihi saa sita kamili, na sera inaanza kutumika papo hapo. Watahini wote wa zamani vibali vyenu vimekoma."

"Tulitaka asaini ndege ikipita," akadakia mkuu wa itifaki, amejaa fahari. "Mlio wenu ndio ulikuwa ishara. Na mmepatia mpaka sekunde! Runinga zote zimeonyesha!"

Kesho aliitazama ile fomu. Leseni yake alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa ustadi mkubwa.

"Lakini tulipaa kwa sera ya zamani," akasema.

"Mkatua kwa mpya. Fomu inauliza saa ya kutua, mwanangu."

"Sasa nani atanitahini?"

"Mtahini mpya."

"Na yeye atatahiniwa na nani?"

Mkurugenzi alifungua sera, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. "Kamati itaundwa," akasema.

Ukurasa alioishia ulikuwa umepiga marufuku kuwasha injini ya ndege yoyote iliyozidi miaka ishirini. Hii ilikuwa na thelathini na nne, na imeziba njia ya msafara wa waziri. Ikabidi isukumwe kwa mikono. Wenye suti walitazama viatu vyao. Kapteni alivua koti, akashika bawa la kulia, Kesho akashika la kushoto.

Mama yake akaja mbio, viatu mkononi. "Mwanangu! Nimekuona kwa macho yangu! Kwa hiyo ndiyo tayari, umekuwa rubani?"

Kesho alifungua kinywa, machozi yakatangulia.

"Ni rubani, mama," Kapteni akajibu kwa niaba yake. "Huyu ni rubani."

Mama alidhani ni machozi ya furaha. Akamfuta mwanawe shavu kwa kiganja, naye akaanza kulia, kisha akaegemeza bega kwenye bawa akasukuma pamoja nao.