Jozi Ishirini na Saba

Pale shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka waoga. Hiyo ilikuwa kabla ya Jumatano moja ya mwaka ule wa kura ya mlolongo, wanaume wawili wa suti walipoingia maabara bila hata hodi, beji za jogoo wa chama tawala kifuani. Mmoja, mnene, alishika daftari la Mwalimu Githinji wa Biolojia. Githinji mwenyewe nilimwona dirishani, amekalishwa ndani ya Land Rover, bila viatu.

Mungu wangu, bila viatu! Na mkewe, Waithira, amejifungua juzi tu.

“Wewe ndiye Kavetsa, wa kuosha chupa?” akauliza yule mnene.

“Ndiyo, afande. Na kutunza mayai.”

Akafungua daftari, akasoma polepole. “Saa ishirini na sita, jozi nne. Saa thelathini na tatu, jozi kumi na mbili. Saa arobaini na nane, jozi ishirini na saba.” Akanikazia macho. “Hawa watu wanakula kiapo cha kuipinga serikali wawili wawili wapi? Kwao Burnt Forest?”

“Si watu, afande. Ni vifaranga.”

Wakacheka, kicheko kibaya. Watu waliovuliwa viatu wakapandishwa gari lile, wengine walirudi hawajui majina ya watoto wao. Lakini nikimnyamazia Githinji, nitamwambia nini Waithira?

“Yai likipata joto,” nikasema, sauti ikitetemeka, “mgongo wa kifaranga unajijenga pingili pingili, kama bua la mahindi. Moja kushoto, mwenzake kulia, kutoka kichwani kushuka. Ukihesabu jozi unajua yai lina saa ngapi. Mwalimu anafundisha hayo Form Four.”

“Unatuona watoto?”

Hapo hasira ikanipanda juu ya woga. Mdomo huponza kichwa, mama alinionya tangu zamani. Nikatoa yai kwenye sanduku la taa la kuyapa mayai joto. “Hili niliweka Jumatatu saa mbili asubuhi. Sasa ni saa mbili. Hesabu mwenyewe!”

Nikalivunja ndani ya bakuli la maji ya chumvi, ya vuguvugu, nikampa kioo cha kukuza. Akainama. Kulikuwa na kadoa kekundu kanapigapiga, na kando ya mgongo safu mbili za vipande vidogo. Midomo yake ikahesabu. Mara ya kwanza, mara ya pili.

“Ishirini na saba,” akasema, kama mtu aliyeshindwa kesi. Akafunga daftari.

Wacha nifurahi! Nilitaka kumpigia Githinji kelele pale dirishani. Maji yakaendelea kupoa. Kale kadoa kakapiga, kakakawia, kakapiga mara moja tena, basi.

“Kimefanya nini?”

“Kimekufa, afande. Kikitolewa hakiishi.”

Akatazama maganda kwenye karai. Kisha mkono wake ukaenda kwenye beji, ukakaa hapo.

“Kwa hivyo hapa mnaua jogoo.”

“Afande, kwa umri huu hakuna anayejua kama ni jogoo ama ni kuku jike!”

“Hujui?”

“Sijui.”

“Basi anaweza kuwa jogoo.” Akamgeukia mwenzake. “Mrudishie mwalimu viatu. Yeye ameandika tu. Aliyevunja ni huyu, mbele yetu.”

Mwenzake akanyoosha kidole kwenye miguu yangu. Nikainama, nikavua mwenyewe.