Mdhamini wa Praygod

Ng'ombe wangu, Furaha, alipanda pikapu huku bado anatafuna kipande cha mgomba. Mnunuzi kutoka Sanya Juu alimgusa tu kiunoni. Akapanda kwa adabu, kama abiria aliyekata tiketi. Binti yangu Herieth alisimama mlangoni pa zizi, ameshika ndoo tupu. Maziwa ya Furaha ndiyo yangempeleka chuo cha uuguzi mwezi ule wa tisa.

Nawaandikia akina mama wenye watoto wa kaka wanaotabasamu sana.

Praygod wa kaka yangu alikuja Jumamosi mchana, viatu vinang'aa kuliko akili yake. Alikuwa amepata Noah ya mkataba Moshi mjini: unaendesha, unapeleka hesabu kila wiki, ukimaliza miaka mitatu gari ni lako. Alikula kiburu changu sahani mbili, ndizi na maharage hadi akaukwangua mwiko, akaniita mama wa baraka, ndipo akatoa karatasi. Kiganja chake kililala juu ya ukurasa kama paka kwenye kiti cha mgeni. Ulibaki wazi mstari mmoja.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Mdhamini. Taratibu tu, shangazi. Si wewe ndiye mdhamini wangu tangu zamani?"

Kweli. Siku ya ubatizo wake nilimshika mimi. Niliahidi mbele ya usharika mzima kwamba nitamwombea na kumwelekeza. Basi nikadhani na wenye magari wanataka mtu wa kumwombea dereva, na barabara ya Himo ilivyo, nikaona wana akili. Nikasaini.

Miezi saba haikuisha, Praygod akanunua miwani ya jua, akawa bosi. Bosi haendeshi. Usukani akamwachia rafiki yake Aristides, mtu asiye na leseni, yeye akakaa Himo anakula nyama choma na kupokea hesabu. Gari likapinduka mtaroni. Abiria walitoka wazima, nikamshukuru Mungu. Praygod hakushukuru. Alizima simu, akavuka mpaka hadi Taveta, Kenya.

Bwana Rodrick wa ofisi iliyokodisha gari alikuja na karatasi ileile, sasa haina kiganja juu yake.

"Shikamoo, mama. Wewe ni mdhamini wa Praygod?"

"Marahaba. Ndiyo, tangu ana wiki sita."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akanisomea polepole. Praygod alikatazwa kumpa mtu mwingine gari. Alipompa, bima ikakataa kulipa. Matengenezo yakamwangukia yeye. Na akishindwa au akitoroka, mdhamini anadaiwa sawasawa na aliyekodi.

"Hata kama sijawahi kulipanda hilo gari?"

"Hata kama hujawahi kuliona, mama."

Nilishuka Moshi kwa wakili, anitafutie uongo wa Rodrick. Alisoma kurasa zote nne, akauliza jambo moja tu: "Saini ni yako?" Juma lile lile Furaha akapanda pikapu. Huu mwaka wa pili Herieth anauza ndizi Himo.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada, Praygod alirudi. Ana mke, ana mtoto, na mkononi ana isale, jani la kuombea msamaha, maana anajua kwetu halikataliwi. Mila zinazomfaa anazijua zote, mpumbavu yule. Aliliweka mezani, akatoa fomu ya usharika.

"Shangazi, tunaomba uwe mdhamini wa mtoto."

"Soma," nikamwambia. "Na utoe kiganja."

Alisoma haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Alipofika "wazazi wakishindwa wajibu wao," sauti ikakauka.

"Mbona umenyamaza, bosi? Endelea."

"Mdhamini ataubeba."

Jikoni, mwiko wa Herieth ulitulia chunguni.

Nilimtazama mtoto mikononi mwa mama yake. Wiki sita. Alikuwa akitafuna ngumi yake taratibu, kwa utulivu ninaoufahamu. Nikaivuta fomu, nikaisoma tena mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi chini.

Nikasaini. Isale nikaenda kulitupa zizini, ambako tangu Furaha aondoke hakuna wa kulikanyaga.