Barua Niliyoiandika kwa Kijapani

Mwezi wa saba mwaka 1958 nilirudi kijijini kwetu Burungu, mashariki mwa Kongo, kwa likizo, na kabla sijamaliza maziwa niliyopewa, watu watatu walikuwa wamekwisha kuniuliza Kijapani kitanisaidia nini. Siasa na utawala walielewa: mtu anasoma chuo kikuu Léopoldville, anarudi na tai shingoni, anakaa kwenye kiti cha Mzungu. Lakini Kijapani? Baba yangu aliona aibu hata kulitaja jambo hilo mbele ya majirani. Nilijibu kwa ukali, maana chuoni nako walinichosha kwa swali hilohilo. Mwalimu wetu wa siasa aliniita "balozi", na darasa zima likaangua kicheko.

Sababu niliijua vizuri. Sababu ilikuwa baba yangu mdogo, Benoît.

Wakati wa vita Benoît alikuwa muuguzi katika hospitali ya jeshi iliyotoka Kongo ikapelekwa hadi Burma. Huko, mwanzoni mwa 1945, mateka mmoja Mjapani mwenye jeraha la tumbo alifia mikononi mwake. Benoît alimfumba macho, akachukua kijitabu kilichokuwa mfukoni mwa marehemu ili akirudishe kwao. Katika ukoo wetu, anayemfumba macho mtu aliyefia ugenini ndiye anayebeba habari hadi nyumbani kwake. Habari isipofika, msiba haujaisha, na mwenye msiba hapitishi wembe kichwani wala haoi. Padri alisema hayo hayamhusu Mkristo. Wazee nao walisema hayamhusu Mjapani. Benoît aliwasikiliza wote kwa adabu, akaomba kazi kwenye dispansari ya Ntoto, kule kwenye misitu ya Walikale, akaenda zake. Nywele alizipunguza kwa mkasi tu.

Aliyebaki na mzigo ni Verdiane, binti wa mzee Sebarenzi. Mwaka 1951 baba yangu alimpelekea Sebarenzi ng'ombe wa posa kwa niaba ya mdogo wake, akidhani harusi itamzindua. Haikumzindua. Kwa miaka saba Verdiane alikuwa mchumba wa mtu aliyekuwa akimlilia mtu mwingine.

Basi nilipokwenda chuo nilikibeba kile kijitabu. Padri Raphaël, mzee aliyekaa Japani miaka ishirini, alikubali kunifundisha kila Jumamosi: herufi, namna ya kuinama, namna ya kuanza barua kwa kutaja majira ya mwaka kabla ya kusema lolote la maana. Tulisoma kijitabu pamoja. Kilikuwa na jina la kijana, kijiji cha mama yake, na kurasa kumi na moja za vyakula alivyotamani kula akifika nyumbani. Nilimwandikia yule mama mara tatu. Jibu halikuja.

Siku ya pili ya likizo, Jumatatu, Verdiane alinikuta nyuma ya nyumba.

"Barua ilifika?"

"Bado, dada."

Akasema, "Jumapili wajumbe ya Karangwa wa Kirolirwe wanakuya kwetu kuchukua jibu ya posa. Bibi yake ya ndoa alikufa, iko na ngombe mingi, na haiko na musiba ya Wajapani. Papa amechoka. Na mimi nimechoka, Symphorien." Kisha akanitazama usoni. "Unajua kuandika kama Mujapani?"

"Najua."

"Basi andika. Weye njo unasoma politike, ao hapana?"

Ningepaswa kukataa. Badala yake kichwa kilivimba. Hapo ndipo mahali pa kwanza duniani ambapo Kijapani changu kilihitajiwa na mtu! Niliandika mchana kutwa. Nilianza na mvua za mwezi wa sita, nikaingiza maua ya bustanini, nikashukuru kwa heshima zote alizonifundisha Padri Raphaël. Mama wa uongo alimwambia Benoît kwamba habari imefika na sasa ajipumzishe. Niliisoma tena na tena, nikajisifu.

Kesho yake lori lilinifikisha Masisi, nikimpelekea Benoît barua. Kutoka hapo nilitembea siku mbili, nikishuka kutoka kwenye vilima vyetu vya baridi hadi kwenye miti mikubwa na matope, na njia nzima sikutulia. Mara niliona namwokoa Verdiane, mara niliona mimi ni mwizi. Nilifika Ntoto Alhamisi mchana. Benoît alikuwa akifunga kidonda cha mwindaji mmoja. Alimaliza, akanawa mikono polepole, akakaa.

Nilimsomea barua kwa Kijapani kwanza, ili aisikie, kisha nikaitafsiri. Aliomba niirudie tafsiri. Nikairudia. Akaichukua karatasi, akaigeuza nyuma, akatazama kana kwamba kuna kitu kimesahauliwa huko.

"Hii mama haiulize," akasema.

"Haulizi nini, Papa Benoît?"

"Mutoto wake alikufa namna gani. Mama anaulizaka ile kwanza, mbele ya mvua, mbele ya maua. Hata hapa, nikipeleka maiti kwa watu, wanaanza na ile." Akanirudishia karatasi. "Hii njo weye uliandika."

Nilisikia uso ukiwaka moto. Miaka miwili ya Jumamosi, adabu zote zile za barua, na sikuwaza kuuliza. Niliona haya kuliko siku yoyote maishani mwangu.

"Ni Verdiane njo alikutuma?"

Aliipasua barua vipande vinne, bila hasira, akaviweka mezani.

"Hata weye hukuniuliza," akasema. "Hakuna hata mumoja. Wote munauliza nitanyoa siku gani."

"Alikufa namna gani, Papa Benoît?"

Akatazama mikono yake. "Na kiu. Docteur alikataza maji, juu ya kidonda ya tumbo. Mimi nilikuwa na gourde, ile chupa ya maji, hapa kwa mukaba ya kiuno. Alikuwa anaionesha na kidole, tangu asubui mupaka saa munane. Anaionesha, ananitazama. Nikamunyima. Na angekufa tu, Symphorien! Nilijua angekufa. Saa munane akakufa, na gourde ingali imejaa."

Alilia waziwazi, mtu mzima wa miaka arobaini, na mwindaji aliyefungwa kidonda akageukia ukuta kwa heshima. Nilitaka kumwambia kwamba kijana yule aliandika pia supu na chai katika orodha yake. Namshukuru Mungu nilifunga mdomo.

Tuliandika barua nyingine mchana uleule. Yeye alisema, mimi nikageuza. Nilipotaka kuanza na majira ya mwaka alinikataza. Barua ilianza na maji. Maneno yalikuwa ya kitoto, Padri Raphaël angesikitika, lakini nilijua mama yule, kama bado yu hai, ataelewa kila mstari.

"Tungoje jibu?" niliuliza.

"Hapana. Kuniitika ao kunilaani ni yake. Mimi nimesema." Akatoa wembe kwenye sanduku la dawa, akaniinamishia kichwa.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Jumapili saa sita tulikuwa uani kwa Sebarenzi, tumechafuka matope hadi magotini. Wajumbe wa Karangwa walikuwa wamekwisha kukaa ndani na pombe yao ya ndizi. Verdiane alitoka, akakiona kile kichwa kinachong'aa, akanitupia jicho la furaha, kisha akainamisha uso. Aliamini uongo wetu umefaulu, na nikaona furaha hiyo inamuuma.

"Barua haikufika, Verdiane," Benoît akamwambia. "Ile ya Symphorien niliipasua."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndani, Sebarenzi aliita: wageni wanataka kusikia neno la binti mwenyewe. Verdiane hakugeuka. Alisimama akitazama kichwa cha Benoît, kilichokatwa mahali pawili kwa sababu mimi si kinyozi. Kisha akavuta kigoda, akamwekea.

"Ikala," akasema. "Ule mutoto wa watu, alikufa namna gani?"

Benoît akakaa. Sebarenzi akaita mara ya pili.

"Wangoje, papa," Verdiane akajibu. "Bado nasikiliza bwana yangu."