Jina la Msichana wa Kichuguu

Jumamosi mchana, foleni ya malori ya kuvuka mpaka ikiwa imepita kituo cha mafuta, ukumbi wa video wa Okochi pale Busia, upande wa Uganda, ulijaa watu wazima waliokuja kutazama katuni. Watoto walikuwa wamefukuzwa kwa sababu hawajui kubishana. Ulikuwa msimu wa ile tuzo kubwa ya katuni inayotolewa ng'ambo, na kila msimu kama huo Okochi huonyesha filamu zote zinazoshindania. Huzipata kwa njia ambayo majirani zake wana adabu ya kutomuuliza.

Akwi alikaa benchi la mbele, magoti yake yakiwa yameelekezwa kwenye feni. Ni mama mzee wa Kiteso, mzaliwa wa Mella, anayepika ajono, pombe ya ulezi, nyuma ya ukumbi huo huo. Pale ndani kila mtu humwita Tata, yaani bibi, awe Mteso, Msamia au dereva wa trela aliyechoka kungoja. Pembeni yake alikaa mjukuu wake Phiona, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Ipewe ile ya lori," alisema Benedeta, anayeuza samaki wakavu sokoni. "Lori linaogopa mlima, maskini! Nilimkumbuka marehemu mume wangu."

"Aliogopa milima?" aliuliza Okochi.

"Aliogopa kila kitu isipokuwa kuoa tena."

Ecodu, mbadilisha fedha wa pale mpakani, alitikisa kichwa. Yeye hutazama filamu kama anavyotazama noti, akiiinua kwenye mwanga. "Lori halina nywele, mama. Tuzo ni nywele. Tazama yule kondoo wa bluu, sufu moja moja inapepea. Hiyo ni kazi, si mchezo."

"Basi tuzo wampe msusi," Akwi alisema. "Mimi nauliza jambo moja tu. Kwenye hiyo ya kondoo, na hiyo ya lori, na ile ya mjane wa barafu, nani ameenda msalani?"

Watu walifikiri. Hakuna aliyekuwa ameenda.

"Saa nzima na nusu wanakula, wanakunywa, wanalia, wanaoana. Hao si watu, hao ni magunia. Lakini Msichana wa Kichuguu, Jumamosi iliyopita tuliona kwa macho yetu, alienda nyuma ya kichuguu akamwambia mbuzi ageuke. Ipewe hiyo."

"Tata, wewe unapendelea mjukuu wako," Ecodu alisema.

"Napendelea, ndiyo. Wewe wako yuko kwenye filamu gani?"

Phiona alitabasamu kidogo. Alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye studio moja Nairobi akimchora msichana yule, hatua kwa hatua, mpaka kifundo cha mkono kikavimba na akarudi nyumbani. Hapo pa msalani alibishana na mwenye studio wiki nzima. Nyuma ya kichuguu alichora mwamba wa Tororo kama unavyoonekana ukiwa Mella asubuhi. Mwendo wa msichana, ule wa kuchechemea goti la kushoto, aliuiba kwa bibi yake bila kuomba.

Shida yake ilikuwa moja, na ukumbi mzima uliijua. Jumamosi iliyotangulia filamu ilipoisha, watu walisimama kungoja jina lake. Likapita jina la mwenye studio, la mke wake, la aliyeleta chakula cha mchana, na la mbwa aliyekuwa akilala mlangoni. La Phiona halikupita. Ndivyo alivyosainishwa alipoanza kazi, na alikuwa na njaa, hakusoma. Tangu arudi alikuwa ameomba kazi kwenye studio nyingine, na kila mahali walimwambia kwa upole kwamba waliochora Msichana wa Kichuguu wanajulikana, yeye hayumo. Bila jina lile mkono wake uliovimba ulikuwa mkono tu.

Siku ile Benedeta alisema kwa sauti yake ya sokoni kwamba mtoto yule wa kwenye filamu ana jina la kupachikwa. Kwenye filamu mwenye studio alimwita Safira, jina ambalo kutoka Mella mpaka Iyolwa hakuna aliyezaliwa nalo. Inaelekea msichana alisikia.

Maana sasa Okochi alipoiwasha filamu tena, na Edimu, mfasiri wa ukumbi, akashika maikrofoni yake na kusema, "Basi Safira akatoka ndani ya kichuguu kumtafuta mama yake aliyevuka mpaka," msichana alitoka, akatazama kushoto na kulia, akaketi chini. Hakuendelea. Alifungua mdomo akaanza kulia.

Okochi alikagua nyaya. Zilikuwa nzima. Mbuzi wa kwenye filamu alingoja, halafu akaanza kula majani, na majani yalipungua.

"Safira, inuka," Edimu alisema kwenye maikrofoni.

Kilio kikazidi.

"Usimwite hivyo," Akwi alisema. "Hicho si kilio cha njaa. Hicho ni cha jina."

Kila mwanamke mle ndani alikubali, na wanaume walinyamaza kwa kuwa hayo si mambo yao. Kwa kina Akwi, mtoto mchanga huwekwa kwenye magoti ya bibi. Bibi huchovya kidole kwenye ajono, hukigusisha kwenye midomo ya mtoto, na kutaja majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akikinyonya kidole, jina hilo amelikubali. Akigeuza uso, bibi huendelea na marehemu mwingine.

Wakaleta ajono kwenye kibuyu. Msichana alikuwa mkubwa kuliko mapaja ya bibi yeyote, kwa hiyo Akwi alipandishwa juu ya benchi, Okochi akimshika kiuno upande mmoja na Ecodu upande mwingine, wote wakitazama pembeni kwa heshima. Akwi alichovya kidole akakiweka kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu, hapo palipokuwa na midomo.

"Asekenye," alisema. Huyo alikuwa mama yake.

Msichana aligeuza uso.

Alitaja shangazi zake, dada zake, na wifi mmoja ambaye hawakupatana. Uso ukageuka. Benedeta akaomba apewe nafasi, akataja marehemu wa Kisamia waliozikwa Masaba, akitumaini kwamba mtoto hana ubaguzi. Uso ukageuka. Dereva mmoja wa trela alimtaja mama yake, halafu akatoka nje kuvuta sigara.

Sasa Phiona alisimama.

"Tata, ita langu."

Akwi alishusha kidole. "Hapa hatutaji watu walio hai. Ukitajwa na kidole hiki wewe ni marehemu. Unajua."

"Najua."

"Nitakutaja, halafu nipike chakula na nani?"

"Kule walikwisha kunizika, Tata. Hawakunililia tu."

Akwi alifuta kidole kwenye nguo yake polepole, huku Ecodu akibadilisha mkono, kwa sababu bibi hakuwa mwepesi. Halafu alichovya kidole tena. Hakumtazama mjukuu wake.

"Phiona Atai," alisema.

Kidole kiliingia kwenye kitambaa hadi kwenye kiungo cha kwanza. Msichana alinyonya.

"Ana meno?" Benedeta aliuliza.

"Mawili ya chini," Akwi alisema.

Msichana alijifuta macho, akainuka, akaenda na mbuzi wake kumtafuta mama, akichechemea goti la kushoto. Edimu alimwita Phiona mpaka mwisho. Mwishoni majina yalipita yale yale, pamoja na la mbwa.

Waliposhuka benchi, Akwi alimshika mjukuu wake begani. Aliongea polepole ili wote wasikie, kwa kuwa jambo hili lilihitaji mashahidi.

"Tuzo inatolewa Jumapili ya wiki ijayo. Wakilitaja jina lako kule mbele ya watu, nitakwenda kwa marehemu wa ukoo, niwaambie nilikosea, mtu wangu yuko hai, wanirudishie jina. Nitawapa kuku. Wasipolitaja, tutafanya kama inavyotakiwa."

"Sawa, Tata."

Wiki ile walibishana kama kawaida. Ecodu alibaki na kondoo wake. Benedeta aliliacha lori, akasema filamu inayonyonya kidole haina mpinzani. Lakini hawakubishana kwa raha ya zamani. Phiona alipopita, watu walimwamkia bila kumtaja jina, kwa sababu lilikuwa na mwenyewe, na hawakutaka kumwita mtoto wa watu bure. Walimwita "wewe," na aliitika. Alipokwenda kusajili upya laini ya simu, dada wa pale aliandika herufi zote, akazitazama, akaona nafasi tupu. Alimwambia arudi siku nyingine.

Huko ng'ambo tuzo ilitolewa usiku, na kwetu Okochi aliionyesha Jumatatu mchana. Akwi aliacha pombe yake motoni, jambo ambalo halifanyi. Phiona alikaa pembeni yake, na mara hii alikuwa amefungua kitambaa cha mkononi, mkono ukalala wazi pajani.

Walionyesha kipande cha kondoo, sufu ikipepea. Walionyesha lori. Kisha walionyesha Msichana wa Kichuguu, wakamwita Safira, na alikuwa ameketi chini, mgongo kwa watu, analia. Aliwalilia wale waliovaa nguo za kung'aa mpaka muda wa kipande ukaisha. Hakuna aliyemletea kidole.

"Wamemsikia," Okochi alisema.

Mama mmoja mwenye shanga nyingi alifungua bahasha, akasema kwamba majaji waliguswa sana na ujasiri wa filamu yenye shujaa anayekataa kuendelea. Akataja Msichana wa Kichuguu. Ukumbi wa ng'ambo ulisimama. Ukumbi wa Okochi ulibaki umekaa.

Mwenye studio alipanda jukwaani, akaikumbatia sanamu ya tuzo. Nyuma yake msichana alikuwa bado analia kwenye kitambaa chao kikubwa, na machozi yalimdondokea begani, suti ikalowa upande mmoja. Alijisogeza kidogo. Alisema kwamba wazo la kilio lilimjia utotoni, akiwa amepanda farasi. Alimshukuru mke wake. Alimshukuru aliyeleta chakula. Alimshukuru mbwa, ambaye alikuwa amefariki mwezi uliopita, na hapo watu wakapiga makofi.

Akwi alimwinamia mjukuu wake. "Sikio langu hili si zima. Amelitaja?"

"Bado, Tata."

Muziki ukaanza, wa kumwondoa jukwaani. Mwenye studio aliinua tuzo juu. "Na timu yangu!" alisema, akaondoka.

"Huyo timu ni nani?" Akwi aliuliza.

"Si mimi," Phiona alisema.

Edimu alizima maikrofoni. Ecodu alivua kofia, ingawa kondoo wake alikuwa ameshindwa na angeweza kukasirika kwa hilo. Akwi alinyanyuka, akashikilia benchi mpaka magoti yakakubali, akaenda kuzima moto.

Matanga yaliwekwa Mella, Jumamosi. Watu walitoka Iyolwa kwa baiskeli na Masaba kwa miguu, wakiwa na kuku, unga na ndizi. Hapakuwa na mwili, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa mwenyewe alikuwa jikoni anakoroga mboga, na mwenye kutaka kuhakikisha aliingia akamsalimia na kumpa pole. Phiona alipokea pole zote. Benedeta alilia sana mbele ya nyumba, akaenda jikoni kuomba chumvi, akarudi akalia tena.

Mwenye studio alipigiwa simu na Okochi. Alisema amesikitika. Alisema alimkumbuka vizuri, msichana mtulivu, mmoja wa wasaidizi, na kwamba kwa bahati mbaya filamu ya pili imeshaanza, lakini kama kuna ndugu yake anayeweza kuchora mwendo ule, atume picha.

Baada ya kula, Akwi alisimama kusema habari za marehemu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Hakusema maneno mengi.

"Alizaliwa hapa," alisema. "Alimchora mtoto, akampa mwamba wetu na goti langu. Mtoto ameshinda. Aliyemchora anaitwa Phiona Atai. Anayeandika aandike, asiyeandika akariri."

Watu walikariri kwa pamoja, kwa sauti moja, mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia. Marehemu alikusanya sahani, akaenda kuziosha.