Sauti ya Chiriku Kabatini

Kila mwanafunzi wa Mwalimu huanza somo kwa kusimama pua ikiukabili ukuta, na kupuliza noti moja ndefu ya filimbi mpaka pumzi imwishie. Ukuta haumsifu mtu, Mwalimu husema. Jumanne ile alisimama Chiriku, binti aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kuongea. Pumzi ilipomwishia alishusha filimbi, akaanza kuifuta kwa kitambaa. Noti ikaendelea.

Iliendelea alipokuwa akifunga kamba za viatu, na alipoaga. Jioni bado ilikuwepo karibu na pazia, safi, haijafifia hata kidogo.

"Sauti ya yule binti imebaki," alisema mke wa Mwalimu, fundi cherehani, macho kwenye pindo. "Ifungulie dirisha iende kwao."

Mwalimu alilifunga dirisha.

Roho ilikuwa inamuuma, tusifichane. Ujana wake wote aliumaliza kwenye kiti cha filimbi ya pili, akiwajazia wenzake chinichini ili wao wasifiwe. Sasa kiti cha kwanza cha okestra kilikuwa wazi, na waliokiomba walikuwa wawili tu: yeye na huyu mtoto, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha hata namna ya kuishika filimbi! Akaikamata ile sauti kwa taulo, akaifungia kabatini pamoja na suti zake.

"Cha mtu mavi, mume wangu," alisema mkewe. Kisha akamwomba amsogezee taa.

Siku ya usaili Chiriku alipuliza, ukatoka upepo mtupu. Alijaribu tena, akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka. Mwalimu aliingia na ile sauti ndani ya mkoba wa filimbi, akapiga. Waamuzi wakatazamana.

"Hiyo si sauti ya yule binti aliyetoka sasa hivi?" aliuliza kiongozi wa okestra.

"Ndiyo yenyewe," alijibu Mwalimu.

"Haya. Ilimradi imefika." Wakampa kiti.

Onyesho la kwanza ukumbi ulijaa. Watu walisimama kupiga makofi, wengine wakifuta machozi. "Jamani, Chiriku kapiga leo!" waliambiana mlangoni, huku wakimpa Mwalimu mkono. Maua yote yakapelekwa nyumbani kwa kina Chiriku. Mwalimu alirudi kwake na cheo, na kijicho kikubwa kuliko kile alichoondoka nacho. Kumbe hata ukiiba, mwenye mali anaweza kukuzidi! Akaongeza kufuli la pili kabatini.

Jumanne iliyofuata Chiriku alikuja somoni kama kawaida.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Sauti yangu haijambo?"

"Haijambo. Inakusalimu."

Chiriku aliweka kiganja kwenye mlango wa kabati. Ubao ulikuwa ukitetemeka kidogo, na hanga za suti zikigongana ndani.

"Naweza kwenda nayo leo?"

"Bado hujaiva, mwanangu. Ikikuharibikia utanilaumu mimi."

Chumba cha pili cherehani iliendelea kulia. Chiriku akaukabili ukuta, akapuliza kwa nguvu zake zote. Upepo ukalipeperusha pazia. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Pumzi," alimwambia. "Shida yako ni pumzi tu. Rudia."

Akarudia.