Tumbo la Kushonwa la Mfalme

Mwanamume anaweza kumdanganya mkewe, akamdanganya na bosi wake, lakini futi ya fundi cherehani haidanganyiki. Bi Pini aliyajua hayo tangu ujana wake, na ndiyo maana Jumanne ile, alipoizungusha futi kiunoni mwa Mtukufu na kuikuta imebaki na mkia mrefu unaoning'inia, hakuilaumu futi. Aliipima mara ya pili. Akaipima mara ya tatu, akidhani pengine ni yeye aliyekonda kichwani.

Jina la Bi Pini alipewa kwa sababu pini zilikaa mdomoni mwake kuliko meno. Alikuwa fundi wa mavazi wa kundi dogo la maigizo, watu kumi na mmoja kwa jumla, kila mmoja na shughuli zake za wiki nzima: huyu mwalimu, yule mwoka mikate, wengine wachomeleaji wa mageti. Mwisho wa wiki, alasiri, na maonyesho yakikaribia hata siku za kazi, walikutana katika ukumbi uliokuwa zamani ghala la saruji, wakaigiza tamthilia za kale za Kiingereza zilizotafsiriwa. Humo mlikuwa na wafalme, mizimu, mapanga, na ndugu wanaochimbiana mashimo. Aliyezitunga alikwisha kufa karne nne zilizopita, kwa hiyo wakiruka kurasa hakuna aliyekuja kulalamika. Vumbi la saruji halikutoka kwenye kuta hata zilipopakwa rangi, na mzimu alipiga chafya kila alipotokea. Watazamaji walishazoea. Wakamwambia "Pole!" na mzimu akaendelea na laana zake.

Mtukufu alikuwa karani mstaafu wa posta. Alikuwa ameshacheza wafalme saba na kufa mara saba, na kila mfalme alikuwa mnene kuliko aliyemtangulia. Miaka kumi na minane Bi Pini kazi yake ilikuwa kuachia mishono. Kupunguza? Hakuwahi.

"Tumbo umelipeleka wapi?" aliuliza, pini zikiwa zimebanwa kwenye pembe ya mdomo.

"Nafanya mazoezi siku hizi."

"Mazoezi! Wewe ukipanda ngazi tatu unaomba kiti. Nyoosha mkono."

Mtukufu akanyoosha. Mkono ulitoka kwenye joho jekundu kama mpini wa jembe kutoka guniani. Bi Pini akatema pini zote kwenye kiganja, jambo alilolifanya kwa nadra sana, akavuta kasha la kofia na kukaa.

"Haya. Sema."

"Sina la kusema."

"Basi nitamwita mpwa wako nimwambie hilo usilo nalo."

Mpwa huyo, mtoto wa dada yake Mtukufu, ndiye aliyekuwa mwongozaji wa kundi. Alikuwa binti mwenye huruma nyingi na sauti ya kiongozi wa gwaride, na sheria yake moja ilijulikana: mgonjwa hapandi jukwaani, hata awe na mafua tu. Mtukufu aliposikia akitajwa, alishuka kwenye kibao cha kupimia na kufunga mlango.

"Nina uvimbe tumboni," alisema. "Wameshaupiga picha. Jumatatu ijayo ndiyo wananipasua."

Bi Pini aliitazama futi yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Maonyesho ni Jumamosi na Jumapili," Mtukufu akaendelea. "Daktari kasema Jumatatu. Hakusema Ijumaa. Kwa hiyo siku mbili hizo ni zangu."

"Kasema unaweza kupiga kelele jukwaani?"

"Nilimuuliza. Kasema ninaweza, ila nisinyanyue vitu vizito."

"Na taji?"

"La makaratasi, Bi Pini. Wewe mwenyewe ndiye uliyeligundisha."

"Mficha maradhi, bwana wewe..."

"Usiimalizie. Mwisho wake naujua." Alikaa juu ya rundo la mapazia. Bila joho, shingo yake ilikuwa imeingia kwenye kola ya shati kama kijiti kwenye glasi. "Nisikilize. Sina hakika na Jumanne itakayofuata. Hakuna mtu mwenye hakika na Jumanne yake, lakini mimi yangu naiona ilivyo mbali. Mpwa wangu akijua, ataniondoa leo hii, na tena atalia. Wengine nao wataanza kunihurumia. Yule muasi ataogopa kunisukuma, malkia ataninong'oneza badala ya kunitukana. Nitakuwa mgonjwa aliyevishwa joho. Nataka nife kama mfalme mara moja zaidi kabla ya kulala kwenye kitanda cha magurudumu. Nishonee tumbo."

Bi Pini alikuwa na majibu matatu ya kejeli tayari. Badala yake akaokota pini zake.

Akamshonea tumbo. Alichukua fulana nzito, akaijaza pamba na vipande vya sponji vya godoro kuukuu, akapiga mishono ya kubana kiunoni na kuongeza kidogo kwenye mabega. Lilikuwa tumbo zuri, la heshima. Lilikuwa dogo kidogo kuliko lile lake la zamani, kwa sababu Bi Pini aliamini nafasi ya kumrekebisha mwanamume ikipatikana isiachwe.

Siku ya Alhamisi mpwa alimtazama akipita na kusema, "Mjomba, joho limekukaa leo! Bi Pini, mikono yako ibarikiwe." Bi Pini akapachika pini mbili mdomoni haraka ili asilazimike kujibu.

Ijumaa walifanya mazoezi ya mwisho, mwanzo hadi mwisho, na mavazi yote. Bi Pini alisimama pembeni mwa pazia akiwa na uzi na sindano mkononi. Mtukufu aliunguruma, akalaani, akasukumwa, akaanguka. Alipomaliza kufa ndipo Bi Pini aliposhtuka. Mfalme lazima atolewe! Mlango wa nyuma ya jukwaa ulikuwa mwembamba, machela haikupita, hivyo wafalme wote wa kundi lile walibebwa mabegani na askari wanne. Yeye alikuwa ameyafikiria macho ya watu tu. Mabega hakuyafikiria.

Askari wakachutama. Nyundo, mchomeleaji mwenye kifua kama mlango wa stoo, alihesabu, "Moja, mbili, tatu!" nao wakanyanyua kwa nguvu walizozoea miaka yote. Mtukufu akaruka juu kama sanduku tupu. Nusura wamtupe. Nyundo alimdaka kiuno, mkono wake ukazama kwenye pamba hadi kifundo, naye akamtazama maiti usoni kwa muda mrefu kuliko inavyompasa askari. Maiti hakufungua jicho. Wakamtoa nje. Mpwa alikuwa ameinamia daftari lake, anaandika kitu.

Haikupita robo saa Nyundo akaja chumba cha kushonea. Alisimama mlangoni na helmeti yake ya bati mkononi.

"Mama, yule mzee ana nini?"

"Ana umri. Na wewe utaupata ukitulia."

"Mama, mimi nachomelea mageti. Chuma chembamba kilichopakwa rangi nene nakijua."

Bi Pini alishika mkasi, akauweka. Alikuwa amekubali kutunza siri ile. Lakini akimfukuza kijana huyu atakwenda kumuuliza mpwa, na siku mbili za mtu zitakuwa zimekwisha kabla ya kuanza. Akapima, kama alivyopima kila kitu, akakata.

"Jumatatu anapasuliwa tumbo. Mpwa wake hajui. Daktari kamruhusu, na yeye anaomba siku mbili tu, mwanangu. Sasa unajua. Ukitaka kusema, mlango huo."

Nyundo alikuna kichwa, akavaa helmeti, akaivua tena. Akaondoka.

Alipobaki peke yake, Bi Pini alichota mchanga kwenye ndoo ya kuzimia moto na kuanza kuushonea kwenye pindo la joho, ili mfalme apate uzito. Alipofikisha konzi nne za mchanga akalinyanyua joho lile. Akawaza mgonjwa aliyekatazwa vitu vizito akilikokota jukwaani saa mbili nzima. Akafumua pindo lote na kuurudisha mchanga kwenye ndoo, akijitukana kwa matusi ya kike na ya kiume.

Jumamosi saa kumi alasiri viti vilijaa. Hakuna aliyekuwa amekuja kumzuia Mtukufu. Wala hakuna aliyemhurumia: muasi alimsukuma kisawasawa, malkia akamtukana mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Eeh, ndoa hiyo!" Bi Pini alitazama yote hayo bila kuyaona. Alikuwa anangoja maiti.

Mfalme akafa. Hata mzimu akajizuia kupiga chafya. Askari wanne wakaja, wakachutama. "Moja," alisema Nyundo. "Mbili." Akapumzika kidogo. "Tatu."

Wakanyanyua, na magoti ya Nyundo yakatetemeka. Mishipa ya shingo ikamtoka. Mwoka mikate akaguna kama ng'ombe anayezaa. Mwalimu akayumba, akaomba radhi kwa maiti, akabadilisha bega. Wakapiga hatua tatu, wakasimama kupumua. Kwa miaka mingi mpwa alikuwa amewapigia kelele hawa wanne waache kusimama kama watu wanaongoja zamu ya kliniki, waigize. Leo waliigiza. Waliubeba mwili ule kama watu wanaobeba nchi nzima, na watazamaji wakasimama mmojammoja bila kuambiwa.

"Masikini," sauti moja ikasema, "mfalme mzito huyu!"

Bi Pini aligeuka ili afute macho kwa kitambaa cha sampuli, akamkuta mpwa nyuma yake. Uso wa binti ulikuwa umelowa kuliko wake.

"Nani kakwambia?" aliuliza Bi Pini.

"Mama yangu alinipigia simu Jumatano. Mjomba hawezi kumficha dada yake kitu." Akapenga kamasi. "Nimeandika mabadiliko. Kesho onyesho la pili lote atalicheza akiwa amekaa kwenye kiti cha enzi. Mwambie ni kwa sababu ya taa."

"Na sheria yako?"

"Sheria gani?" alisema mpwa, akaenda zake kuwapanga waigizaji watoke wakainamie watazamaji.

Kwenye chumba cha kushonea, Mtukufu alikaa akifunguliwa kamba za tumbo lake. Jasho lilikuwa limeilowesha pamba yote.

"Umeona?" alijigamba. "Hakuna aliyegundua. Nyundo nusura azirai."

"Nimeona."

"Kesho niongezee kidogo hapa mbele."

"Nikikuongezea watakuangusha."

Mtukufu alicheka, kisha akashika tumbo lake halisi. Alipozungumza tena sauti ya kifalme ilikuwa imemwisha.

"Bi Pini, maiti husikia. Nilipokuwa juu pale, Nyundo alikuwa anawanong'oneza wenzake: 'Guneni, nyinyi! Guneni, mzee asijue!'"

Bi Pini alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mpwa wangu naye?"

"Kesho utacheza umekaa. Ni kwa sababu ya taa."

"Taa ipi?"

"Mimi ni fundi cherehani, mambo ya umeme yananihusu nini?"

Mtukufu alikaa akitazama mikono yake. Nje ya mlango walisikika askari wanne wakibishana ni nani kati yao aliyeguna vizuri zaidi.

"Sasa mimi nifanye nini?" aliuliza Mtukufu.

"Usijue. Usijue mpaka kesho jioni, wamejitaabisha mno. Jumatatu asubuhi ruhusa kujua."

Akamvua fulana, akaigeuza ndani nje, akaitundika dirishani ikauke. Kisha akamwambia anyanyue mikono, amvalishe shati lake, akafunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.