Mkaa wa Mwamvua

Pumba za mpunga zilipokuwa nyeusi tii, Mwamvua alizimwagia maji upesi, moshi ukampalia akakohoa mpaka akashika mbavu. Ukichelewa, mkaa unageuka majivu, na majivu mto Luiche ukifurika yote yanakwenda ziwani. Mkaa unabaki. Tangu afiwe na mume alikuwa akiuchanganya na tope la majaruba yake, kila msimu, mgongo ukimuuma. Basi mpunga wake, wee! Wa majirani ulidumaa na kupiga manjano. Wake ulisimama kijani na sasa ulikuwa umeshika mimba.

Lakini huo ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Serikali iliamuru watu wa bondeni wote wahamie mlimani, kwenye mawe. Mwamvua hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, avune kwanza, maana mwanawe Dunia na wadogo zake wangekula nini huko?

Dismasi, mwenyekiti wa kijiji, alikuja na mgambo wake, viatu mkononi.

"Mama Dunia, wanasema unaroga. Mpunga gani huu?"

"Niroge nini mimi, Ndugu Mwenyekiti? Ni mkaa tu. Njoo uone."

Maskini wa Mungu! Alidhani wakijua faida yake watamwacha. Akamwonyesha yote: moto wa polepole, rundo la pumba, wakati wa kumwaga maji. Dismasi alichota tope lile jeusi, akalifikicha vidoleni, akacheka peke yake.

"Kwa hiyo nitavuna, baba?"

"Tutaona."

"Nina watoto, baba."

"Nimesema tutaona."

Jumatatu asubuhi mgambo walimtolea nje mkeka, masufuria na watoto, wakawasha paa. Mgambo wengine walijipanga pembeni na madebe ya maji. Nyasi ziliteketea, paa likaanguka, miti ya kuta ikawaka mpaka ikaiva nyekundu. Sauti ilikuwa imemkauka Mwamvua kwa kulia.

"Maji!" Dismasi akafoka. "Mwageni! Msiache iwe majivu!"

Wakamwaga. Mwamvua akapiga magoti matopeni. Huenda miti michache ingepona, angejengea huko mlimani.

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

"Inuka," alisema Dismasi bila kumtazama. "Mkaa huu utwangwe leo hii, uende shamba la kijiji."

"Shamba lipi?"

Dismasi alinyoosha kidole kwenye mpunga wa Mwamvua. Mgambo mmoja akamletea mama huyo kinu chake mwenyewe, akatumbukiza ndani kipande cha nguzo kilichokuwa bado kinafuka moshi, akampa mchi.